Maarifa ya Nyumbani: Maua Makavu ya Kutia Sandukuni

Mtu afunguapo sanduku la nguo baada ya masika, mara nyingi hupokewa na harufu ya uvundo. Wengi hukimbilia dukani kununua vile vidonge vyeupe vya nafthalini. Ni kweli kwamba vidonge hivyo huwazuia nondo, lakini vina sumu. Mtoto akidhani ni peremende akameza, yu hatarini. Tena wako watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambao si haba katika nchi zenye malaria. Mtoto mchanga wa namna hiyo akivikwa nguo zilizowekwa pamoja na nafthalini, mvuke wake waweza kuvunja chembe nyekundu za damu yake, akashikwa na manjano, hata akafa. Basi yafaa kila mwenye nyumba ajue njia nyingine ya kutia nguo harufu nzuri, nayo imo bustanini mwetu.

Jambo lenyewe si geni. Wanawake wa Lamu na Mombasa tangu zamani hufunga vikuba vya asumini na mrehani, na nguo zao huzifukiza udi. Huko Ulaya nako watu walikuwa wakishindilia petali za waridi na chumvi katika chungu, zikakaa humo mpaka zikageuka. Wafaransa waliuita mchanganyiko huo pot-pourri, maana yake chungu kilichooza. Sisi tutafuata njia ya kukausha, ambayo ni nyepesi zaidi.

Kuchuma. Chuma asubuhi, umande ukiisha kukauka na kabla jua halijawa kali. Chagua maua yaliyofunguka karibuni, yasiyonyunyiziwa dawa ya wadudu. Waridi lenye harufu kali ndilo bora. Pamoja nalo chukua majani ya mrehani na mchaichai, na maganda ya machungwa au malimau. Wakaao Bonde la Ufa wana majani ya mleleshwa, yenye harufu kama ya kafuri. Asumini ikikauka hupoteza karibu harufu yake yote. Afadhali itumike mbichi katika kikuba. Ua usilolijua usilitie.

Kukausha. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Tandaza petali juu ya ungo au mkeka, zisilaliane, mahali penye kivuli na upepo. Usizianike juani, kwa maana harufu ya ua ni mafuta mepesi, na jua kali huyarusha hewani. Maganda yakatwe vipande vyembamba. Zigeuze kila siku. Kwa kawaida juma moja au mawili hutosha. Lakini Limuru au Nyeri katika baridi ya Julai, na Mombasa wakati wa mvua, yakupasa kungoja zaidi.

Utajuaje kuwa zimekauka? Finya petali moja: ikivunjika kama jani la chai, vema, ikijikunja tu, bado. Kisha zitie katika chupa ya kioo, uifunike, uiache siku mbili. Ukiona matone au ukungu ndani ya kioo, zitoe uzianike tena. Anayeipuuza kanuni hii atatia kuvu sandukuni badala ya manukato, nazo nguo zake zitapata madoa yasiyotoka.

Kuchanganya. Twaa petali kavu vikombe 4, majani makavu kikombe 1, maganda makavu nusu kikombe, karafuu kijiko kikubwa 1, na vijiti 2 vya mdalasini vilivyovunjwa. Mwisho ongeza ubani uliopondwa, kijiko kikubwa 1. Ubani huishika harufu isiruke upesi. Tia vyote katika chupa kavu, ufunike, uiweke gizani muda wa majuma 4, ukiitikisa kila baada ya siku mbili.

Kutumia. Shona vifuko vidogo vya kitambaa chepesi cha pamba, ujaze, ufunge barabara, uweke baina ya nguo. Harufu ikififia, finyafinya kifuko. Ikiisha kabisa, badilisha. Viwekwe mbali na watoto wadogo, kwa kuwa si chakula.

Lakini mtu asidanganyike. Vifuko hivi hutia harufu. Haviui nondo, wala haviondoi uchafu. Funza wa nondo hula sufu na hariri, hasa penye jasho na mafuta. Kwa hiyo fua nguo, zikauke kabisa, na kila mwezi toa blanketi na makoti uyakung'ute na kuyaanika juani. Nguo za mtoto mchanga zifuliwe na kuanikwa kabla hajavikwa, na nafthalini isiwekwe pamoja nazo kamwe. Sanduku likiwa safi na kavu, ndipo waridi na karafuu vitakapofanya kazi yake.