Kutunza tovuti ya maelekezo ya QGIS kwa wachora ramani wa Geita, Kahama na Shinyanga

Leseni ndogo ya kuchimba dhahabu haizidi hekta 10. Eneo hilo likiwa mraba kamili, kila upande una takriban mita 316. Sasa chukua kodineti zilizosomwa kwenye ramani ya zamani ya mfumo wa Arc 1960, ziingize kwenye kompyuta kana kwamba ni za WGS84, mfumo wa GPS za simu zetu. Katika ukanda huu eneo lote linahama karibu mita 300, zaidi kwa upande wa kaskazini na kusini. Mwenye leseni anaoneshwa eneo la jirani yake. Duara, yaani shimo la kuchimbia, linafunguliwa, matimba ya kushikilia kuta zake yanapigwa, karasha ya kusaga mawe inaletwa, na ugomvi unaanzia hapo.

Mara nyingi aliyechora ramani hiyo hakuwa mzembe. Alifuata maelekezo hatua kwa hatua, ila yalikuwa ya toleo jingine la programu, na hakuna mahali palipoandikwa hivyo. Ndiyo maana mwongozo huu hausemi sana juu ya kuanzisha tovuti ya maelekezo, jambo linalomalizika kwa siku chache. Unahusu kuitunza.

Ninaowaandikia ni vikundi vya watu wanaotumia QGIS kwa kazi za kila siku: wapimaji wasaidizi, wanajiolojia wa migodi midogo ya Nyarugusu na Rwamgasa, maofisa wa halmashauri, na hata wenye steshenari za Kahama wanaochapisha mabango asubuhi na kuchora ramani za leseni mchana. QGIS, programu ya kuchora ramani iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002, ni ya bure. Nguvu yake kubwa iko kwenye programu-jalizi, zile programu ndogo zinazochomekwa ndani yake ili kuiongezea kazi. Wengi wanaziita plagini tu.

Hatua ya 1: Chagueni chache

Ghala rasmi la QGIS lina programu-jalizi zaidi ya elfu moja. Anzeni na tano. Kwa ukanda wetu ningependekeza QuickMapServices ya kuweka picha ya setilaiti chini ya ramani, Lat Lon Tools ya kusoma na kugeuza kodineti, QFieldSync ya kuhamishia kazi kwenye simu yenye programu ya QField, Qgis2threejs ya kuonesha mwinuko wa ardhi, na Geoscience kwa wanaochora mashimo ya uchorongaji. Kila ukurasa mnaouongeza ni ukurasa wa kujaribiwa upya kila mwaka, kwa hiyo wa sita usubiri hadi mtu ajitolee kuulea.

Msitafsiri mwongozo mzima wa QGIS. Mradi wenyewe una utaratibu wake wa watafsiri. Andikeni yale ambayo mwongozo wa dunia nzima hauwezi kuyasema. Kwa mfano, Geita, Kahama na Shinyanga zote ziko ukanda wa 36 Kusini wa UTM, namba ya mfumo ni 21036 kwa Arc 1960 na 32736 kwa WGS84, na karatasi za zamani za Idara ya Upimaji na Ramani zinatumia ule wa kwanza. Dar es Salaam walilipitia jambo la aina hii. Mradi wa Ramani Huria ulipoanza mwaka 2015 kuchora mitaa inayofurika, ulitumia InaSAFE, programu-jalizi ya kukadiria athari za majanga iliyozaliwa Indonesia. Chombo kilitoka mbali, lakini mitaa na kata za kukilisha zilitoka kwa wanafunzi na wakazi wa jiji.

Hatua ya 2: Wekeni maandishi kwenye mafaili ya kawaida

Hapa msipoteze muda. Andikeni kwa Markdown na mjenge tovuti kwa MkDocs, au mtumie Sphinx kama wanavyofanya watu wa QGIS wenyewe. Zote mbili hutoa kurasa tuli zisizohitaji hifadhidata wala seva ya gharama, na GitHub Pages huzihifadhi bila malipo. Mafaili yakae kwenye Git ili kila badiliko lijulikane limefanywa na nani, lini, na kwa nini.

Hatua ya 3: Kila ukurasa uwe na utambulisho wake

Juu kabisa ya ukurasa, kabla ya neno la kwanza la maelekezo, wekeni mistari hii: jina la programu-jalizi na toleo lake, toleo la QGIS lililotumika, Windows au Linux, mfumo wa kodineti uliotumika kwenye mfano, tarehe ya kujaribiwa, na herufi za aliyejaribu.

Taarifa za programu-jalizi msizikisie. Ndani ya kila moja mna faili liitwalo metadata.txt. Someni mstari wa version, na ule wa qgisMinimumVersion unaotaja toleo la chini kabisa la QGIS linalokubalika. Mahali hapohapo mtaona kama mwandishi ameitangaza kuwa ya majaribio au imestaafishwa. Iliyostaafishwa haiingii kwenye tovuti yenu hata kama nusu ya mji bado inaitumia.

Tarehe si urembo. Februari 2018 ilipotoka QGIS 3, ilihama kutoka Python 2 kwenda Python 3, na programu-jalizi za zamani zikaacha kufanya kazi hadi waandishi wao walipoziandika upya. Wengine hawakuziandika upya. Maelekezo ya programu-jalizi hizo yalibaki yamesambaa mtandaoni, mazuri, yenye picha, na yasiyo na tarehe. Mfululizo wa 4 wa QGIS nao umejengwa juu ya Qt6, msingi tofauti na ule wa mfululizo wa 3, kwa hiyo jambo hilohilo litajirudia kwa kiasi fulani.

Hatua ya 4: Andikeni mahali watu wanapokosea

Ukurasa wa kuingiza kodineti ndio utakaosomwa kuliko nyingine zote, kwa hiyo upeni muda. Majina ya vitufe yaacheni kama yanavyoonekana kwenye skrini ya msomaji. Kisha elezeni tofauti ya amri mbili zinazochanganywa kila siku. "Set Layer CRS" hubadilisha lebo tu: inaiambia kompyuta kwamba namba hizi ni za mfumo fulani, bila kugusa namba zenyewe. "Reproject Layer" hukokotoa namba mpya na kutengeneza leya mpya. Mtu mwenye kodineti za Arc 1960 anayetaka WGS84 akitumia ya kwanza peke yake na kuchagua WGS84, amezalisha zile mita 300. Njia sahihi ni kutangaza kwanza kwamba leya ni 21036, ndipo akokotoe kwenda 32736. Mfuatano huo uandikwe kwa namba, amri moja kwa kila mstari, na picha moja ya skrini kwa kila dirisha linalofunguka.

Baada ya hatua, wekeni sehemu ya dalili. Msomaji aliyekwama haji kusoma nadharia. Anakuja na kitu anachokiona. Geita iko karibu nyuzi 2.87 Kusini na 32.23 Mashariki. Alama ya kutoa ikisahaulika kwenye latitudo, nukta zinaruka Ikweta na kuangukia kaskazini mwa Uganda, jirani na Gulu. Latitudo na longitudo zikibadilishana nafasi, mgodi unahamia jangwani Moroko. Andikeni hivyo hivyo: "Nukta zako zikionekana Uganda, angalia alama ya kutoa." Dalili ya tatu ndiyo ya hatari kwa sababu haichekeshi: kila kitu kinaonekana sawa, kiko Geita, kiko karibu na barabara ileile, ila kimesogea mita mia chache. Hiyo ipewe kisanduku chake chenye rangi.

Mwishoni mwa ukurasa kuwe na sentensi moja isiyozungushwa: ramani iliyochorwa kwa maelekezo haya haithibitishi mpaka wa leseni. Mpaka unathibitishwa na Tume ya Madini, na upimaji wa ardhi kisheria ni kazi ya mpimaji aliyesajiliwa.

Hatua ya 5: Tumieni mfano usio wa mtu

Kishawishi kikubwa ni kupiga picha ya skrini ya kazi iliyo mezani, ikiwa na jina la mwenye leseni, namba yake ya simu, na duara linalotoa vizuri. Msifanye hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na hata bila sheria, kutangaza mahali dhahabu ilipopatikana ni kumwitia mwenzako rashi, watu wakavamia eneo lake kabla hajajipanga.

Pendekezo langu ni kutumia pembe nne za uwanja wa CCM Kambarage mjini Shinyanga kama data ya mfano. Uwanja unaonekana wazi kwenye picha ya setilaiti, hauna mgogoro wa leseni, na unajisahihisha wenyewe: msomaji akikosea mfumo wa kodineti, mraba wake unatoka nje kabisa ya uwanja na anajua palepale. Tengenezeni faili moja la CSV la Arc 1960 na jingine la WGS84, yote yapakuliwe kutoka kwenye ukurasa. Picha zenye ramani ya OpenStreetMap ziandikwe kwamba data ni ya wachangiaji wa OpenStreetMap. Leseni yao inalitaka hilo.

Hatua ya 6: Tovuti iweze kusafiri kwa flashi

Kwenye machimbo mengi bando ni la kubahatisha na umeme ni wa jenereta. Punguzeni picha za skrini ziwe nyepesi, msiweke video ndani ya ukurasa, na mjaribu kila ukurasa kwenye simu ya bei ya chini. Muhimu kuliko yote ni nakala ya nje ya mtandao. Kwenye mpangilio wa MkDocs andikeni use_directory_urls: false, jengeni, kisha folda nzima iwekwe kwenye ZIP. Kurasa zitafunguka kutoka kwenye flashi bila intaneti. Kisanduku cha kutafuta kwa kawaida hakifanyi kazi kwa namna hiyo, kwa hiyo ukurasa wa mwanzo uwe na orodha kamili ya kurasa. Jina la ZIP libebe tarehe.

Vipi kuhusu kuweka ZIP za programu-jalizi zenyewe? Leseni ya GPL inaruhusu kuzisambaza, lakini mimi ningeelekeza watu kwenye ghala rasmi. Programu-jalizi ni msimbo wa Python unaoweza kugusa chochote ambacho mtumiaji anaweza kukigusa kwenye kompyuta yake, na faili lililopita kwenye makundi manne ya WhatsApp halina mdhamini.

Hatua ya 7: Fuateni kalenda ya QGIS

QGIS hutoa toleo jipya kila miezi minne, na mara moja kwa mwaka toleo moja hutangazwa kuwa la muda mrefu. Maelekezo yenu yafuate hilo la muda mrefu tu. Likitoka, pangeni siku moja. Kila mlezi wa ukurasa akae na kompyuta isiyo na mipangilio yake binafsi, afuate maelekezo yake mwenyewe kama mgeni, abadilishe tarehe. Bora zaidi wabadilishane: aliyeandika asijaribu wa kwake, maana mkono wake unajua vitufe ambavyo maandishi hayakuvitaja. Ukurasa uliopitisha mwaka bila kujaribiwa ubandikwe onyo juu.

Hatua ya 8: Pokeeni malalamiko yakiwa na taarifa

Malalamiko mengi yatakuja hivi: "Haifanyi." Jibuni kwa upole mkiomba vitu vitatu: toleo la QGIS, maandishi kamili ya kosa, na hatua aliyokwamia. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu ikikata nusu ya ujumbe haitoshi. Kisha andikeni suala hilo kwenye orodha ya kazi ya tovuti, kwa sababu kilichobaki WhatsApp kimepotea.

Ikibainika kosa ni la programu-jalizi, metadata.txt ina mstari wa tracker unaoonesha mahali pa kumwandikia mwandishi. Mtumieni faili la uwanja wa Kambarage, maana hawezi kurekebisha asichoweza kukirudia kwake.

Hatua ya 9: Funguo zisiwe mfukoni mwa mmoja

Nywila za GitHub na za jina la tovuti zikae kwa watu wawili wasiofanya kazi ofisi moja. Anwani ya barua pepe ya usajili iwe ya kikundi. Kijana akiajiriwa mgodi mkubwa au akihamia Mwanza, asiondoke na tovuti. Ada ya jina la tovuti ilipwe kabla ya msimu wa ada za shule, kipindi ambacho michango hukauka. Kuhusu Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, zilizotungwa 2018, zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022, ulizeni mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kama tovuti yenu inaguswa. Ofisi yao ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza.

Hatua ya 10: Kustaafisha ukurasa

Programu-jalizi ikifa, msifute ukurasa wake. Nakala za flashi bado zinazunguka Mgusu na Mwime zikiwa na kiungo hicho. Acheni anwani ileile, ondoeni maelekezo, na muandike mistari mitatu: imeacha kufanya kazi tangu toleo gani la QGIS, nini kimechukua nafasi yake, na tarehe ya siku hiyo.