Kizima-moto Katika Gari la Kikundi

Somo hili ni la kusomwa pamoja katika mkutano. Mmoja asome kwa sauti, na wengine wamsimamishe wakiwa na swali.

Siku hizi vikundi vingi vina gari lao, au hukodi matatu kwenda harusi, mazishi au kutembelea kikundi kingine. Sheria ya barabara hapa Kenya inataka gari la abiria libebe kizima-moto, ule mtungi mdogo mwekundu. Lakini wengi wetu tunakiona kama kitu cha kuonyesha polisi tu. Hapo ndipo shida inapoanza. Kizima-moto si hirizi. Kikundi lazima kijue mambo matatu: kiko wapi, kinafanya kazi au la, na ni nani anajua kukitumia.

MOTO WA GARI HUTOKA WAPI?

1. Nyaya za umeme. Waya uliochunika ukigusa chuma hutoa cheche. Fyuzi ikiungua, wengine huweka kipande cha waya badala yake. Fyuzi imewekwa ili iungue kabla ya waya kushika moto. Ukiifunga kwa waya, umemfukuza askari wa zamu.

2. Mafuta yanayovuja. Harufu ya petroli ndani ya gari si jambo la kuzoea. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini, na cheche ndogo huuwasha. Katika matatu nyingi injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hivyo moto huanzia miguuni mwa dereva.

3. Mizigo yetu wenyewe. Tukienda sherehe tunabeba jiko, mtungi wa gesi na mafuta taa. Jiko la makaa lisipakiwe mpaka lipoe kabisa. Petroli ya akiba katika jerikeni isikae pamoja na abiria. Mtungi wa gesi ufungwe vizuri, usimame wima, usibebwe ndani pamoja na watu.

KIZIMA-MOTO GANI?

Kwa gari, cha poda kavu ndicho kinachofaa, kwa sababu hukabili moto wa petroli, wa nyaya na wa viti. Maji yasimwagwe juu ya petroli inayowaka. Petroli huelea juu ya maji, na moto unasambaa pamoja nayo. Petroli kidogo ikiwaka chini, mchanga au udongo mkavu husaidia.

Sasa sikilizeni neno kubwa la somo hili. Kizima-moto cha kilo 1 au 2 hutema poda kwa sekunde 10 hivi, pengine chini ya hapo. Hesabuni pamoja kwa sauti, moja mpaka kumi. Umeisha! Basi kazi yake ni kuzima moto unaoanza, au kufungua njia ili watu watoke. Gari zima likishawaka, wacheni liungue. Gari hununuliwa tena, mtu hanunuliwi.

KUKAGUA KILA MWEZI

Kikundi kichague mtu mmoja wa kazi hii, kama vile mnavyo mwekahazina. Aangalie hivi:

– Kiko karibu na dereva, mahali mkono unafika? Kikiwa chini ya mizigo au ndani ya sanduku lenye kufuli, ni kama hakipo.
– Mshale wa kipimo uko sehemu ya kijani?
– Pini na lakiri yake viko mahali pake?
– Bomba au mdomo wake haujaziba au kupasuka?
– Tarehe ya fundi kukihudumia haijapita?

Kikitumiwa hata mara moja kidogo, kirudishwe kwa fundi kijazwe. Poda hubaki kwenye vali, na nguvu yake huvuja polepole mpaka inaisha.

MOTO UKIZUKA

1. Dereva asimamishe gari pembeni, azime injini, avute breki ya mkono.

2. Watu watoke kwanza. Watoto, wazee na wagonjwa wasaidiwe. Mtu asirudi kuchukua mkoba wala simu. Simameni mbali, upande unakotoka upepo, moshi usiwafuate.

3. Watu wakiwa wanatoka, anayejua kizima-moto asimame kama mita 2 kutoka kwa moto, upepo ukiwa mgongoni. Avute pini. Aelekeze mdomo chini kwenye shina la moto, si kwenye ndimi zake. Abonyeze mkono wa kizima-moto, na apeleke poda kushoto na kulia.

4. Moto ukiwa chini ya boneti, msiifungue yote. Hewa ikiingia, moto hupata nguvu. Ifunguliwe kidogo tu, poda ipite kwenye huo mwanya.

5. Poda haipoozi chuma. Moto unaweza kuwaka tena, kwa hivyo hata ukizimika msirudi ndani.

Mtu akishika moto nguo, asikimbie. Alale chini, abingirike, afunikwe kwa blanketi zito. Kisha mahali palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, halafu apelekwe hospitali. Msipake dawa ya meno, mafuta wala unga.

MAHALI KIZIMA-MOTO HAKISAIDII

Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan karibu na Molo, lori la petroli lilianguka barabarani. Watu wakaja na vyombo kuchota. Moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja katika mtaa wa Sinai, Nairobi, na huko pia watu wengi waliokwenda kuchota waliteketea. Wengi wao walikuwa watu kama sisi, wanaotafuta riziki. Mkikuta lori la mafuta limeanguka, dereva asipite katikati ya mafuta. Ageuze gari, arudi mbali. Wakatazeni vijana na watoto wasikaribie. Debe moja la petroli halilingani na roho ya mtu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika safari yetu ya mwisho, nani alijua kizima-moto kiko wapi?
2. Mlango wa gari ukikwama, tutatokea wapi?
3. Tukikodi gari, nani atakagua kabla hatujalipa?
4. Tutatoa pesa ngapi kila mwezi ili kizima-moto kihudumiwe kwa wakati?

Kabla ya mkutano kufungwa, nendeni wote kwenye gari. Kila mmoja, hata mama mzee, akishike kizima-moto mkononi na aonyeshe hatua zake bila kuvuta pini. Dakika 15 zatosha. Tahadhari kabla ya hatari. Mungu awalinde safarini.