Maswali ya Wanaoanza Kununua Viwanja Mpakani

Wananchi wanaoanza kuwekeza katika viwanja na nyumba za kupangisha hapa Busia na Malaba hutuletea maswali yanayofanana, na aghalabu huyaleta fedha zikiwa zimekwisha kulipwa. Tunayajibu hapa mapema.

Je, Mkenya anaweza kununua ardhi Uganda? Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 imeikabidhi ardhi kwa raia wa Uganda. Asiye raia hupata ukodishaji tu, usiozidi miaka 99. Mganda anayevuka kwenda Kenya hukuta sharti kama hilo katika Katiba ya mwaka 2010. Dalali anayemshauri mgeni anunue kwa jina la shemeji aliye raia anamtafutia kesi, kwa kuwa mbele ya sheria mwenye ardhi ni shemeji.

Je, sahihi ya muuzaji inatosha? Haitoshi ikiwa ardhi ni ya familia, yaani ile wanayokaa au wanayopatia riziki. Sheria ya Ardhi inadai idhini ya mume au mke, itolewe kwa maandishi kabla ya mauzo. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoanguka. Mume huuza akiwa mjini, mke hupata habari anapoona mawe ya mipaka yakichimbiwa katika muhogo wake. Mnunuzi na aende shambani mwenyewe, mchana, azunguke mipaka pamoja na majirani, aulize ni nani analima pale na makaburi yale ni ya nani. Muuzaji anayekataa ziara hiyo tunamtilia shaka.

Je, muhuri wa polisi au wa mwenyekiti wa LC1 unahalalisha mauzo? La. Mwenyekiti ni shahidi mzuri kwa kuwa anawajua wakazi, lakini muhuri wake si hati miliki, wala wetu si hati miliki. Ardhi yenye hati ipekuliwe katika ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi, ya karibu nasi ikiwa Tororo, ili ijulikane kama ina rehani au zuio. Ardhi ya kimila isiyo na hati haina daftari la kupekuliwa. Ushahidi wake ni wazee, majirani na kamati ya ardhi ya eneo. Mkataba unaozidi shilingi 500,000 za Uganda sharti uandikwe.

Je, polisi watanirudishia kiwanja? Kughushi hati na kuuza kiwanja kimoja kwa watu wawili ni jinai, nasi tunaipeleleza. Mlalamikaji alete mkataba, stakabadhi na jumbe za malipo ya simu asizozifuta. Kufungua jalada ni bure. Lakini nani ni mmiliki huamuliwa na mahakama, na bila amri yake hatumwondoi mtu katika ardhi, hata mlalamikaji akija na hati mkononi.