Wiki ya 53 ni ya Mwaka Gani? Mafunzo Niliyopata Kwenye Ripoti za Afya

Kazi yangu ni takwimu za afya ngazi ya wilaya. Kila wiki tunaripoti magonjwa ya kutolewa taarifa haraka, kama kipindupindu na surua; kila mwezi tunaripoti huduma. Wiki na mwezi ni wake wenza, na kuwapatanisha kumenifunza haya.

1. Hifadhi tarehe, wiki itakokotolewa. Fomu yenye "wiki ya 18" peke yake hairudi kwenye siku. Yenye 30/4/2025 inatoa wiki, mwezi na robo mwaka. Na iandikwe ni tarehe ya nini. Mgonjwa aliyeanza kuharisha Ijumaa, akafika zahanati Jumapili, akaripotiwa Jumanne, tayari ana wiki mbili. Katika mlipuko nafuata siku dalili zilipoanza. Siku ya kuripoti inapima kasi yetu sisi, si ya ugonjwa.

2. Namba ya wiki haitembei bila mwaka wake, na mwaka huo huenda usiwe ule wa kalenda. Hapa ndipo ripoti nyingi huharibikia. Kwa kanuni ya ISO 8601, wiki huanza Jumatatu, na wiki ya 1 ni ile yenye Alhamisi ya kwanza ya Januari. Kwa hiyo Ijumaa ya 1/1/2021 imo katika wiki ya 53 ya 2020, na Jumatatu ya 30/12/2024 imo katika wiki ya 1 ya 2025. Ukiunganisha YEAR na ISOWEEKNUM kwenye Excel, siku hiyo ya Desemba inageuka wiki ya 1 ya 2024, na wagonjwa wake wanarukia mwanzo wa grafu, karibu mwaka mzima nyuma. Hakuna alama nyekundu itakayokuonya. Dawa ni kuchukua mwaka wa Alhamisi ya wiki husika: YEAR(A2-WEEKDAY(A2,2)+4).

3. Uliza wiki inaanza siku gani. WEEKNUM ya Excel isipoelekezwa huanza Jumapili, na wiki za CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, pia. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya, ina aina kadhaa za wiki. Chagueni moja, wilaya nzima.

4. Wiki nne si mwezi. Wiki ya 18 ya 2025 ilianza 28 Aprili ikaisha 4 Mei: siku tatu huku, nne kule. Wapo wanaogawa wagonjwa kwa uwiano huo. Mimi naona ni kubuni wagonjwa, hasa pale walipo watano tu. Tarehe kama hazipo, toa takwimu kwa wiki na useme hivyo.

5. Kando ya namba, andika siku ya kuanza na ya kuisha. Sijaona muuguzi anayeamka akijua leo ni wiki ya 31.

6. Kulinganisha wiki na mwenzake wa mwaka jana kunataka tahadhari. Jumapili ya Pasaka iliangukia wiki ya 13 mwaka 2024, na ya 16 mwaka 2025. Ramadhani nayo hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, na mahudhurio ya kliniki huifuata. Kisha kuna 2026, wenye wiki 53: ya mwisho inaanza 28 Desemba na kuishia 3 Januari 2027. Mwaka 2025 hauna wiki ya kuilinganisha nayo. Kwenye jedwali kisanduku hicho nakiacha kitupu, kwa sababu sifuri ingesomeka kwamba hakukuwa na mgonjwa.