Fundisho: Yosefu Aliyeuzwa, na Watoto Wauzwao Leo

Wakatekumeni wapendwa, mnajua habari za Yosefu, mwana wa Yakobo. Kitabu cha Mwanzo chaeleza kwamba alikuwa na miaka 17, na ndugu zake wakamwuza kwa wafanya biashara waliokuwa wakienda Misri. Bei yake ilikuwa vipande 20 vya fedha. Angalieni vema: hakuuzwa na adui wala na mgeni, bali na watu wa nyumba yake.

Amri ya saba yatukataza kuiba mali ya mtu. Je, si kosa kubwa zaidi kumwiba mtu mwenyewe? Kanisa lafundisha kwamba kumnunua au kumwuza mtu kama bidhaa ni kuivunja amri hiyo. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulihesabu utumwa na biashara ya wanawake na vijana katika mambo ya aibu yanayomvunjia Muumba heshima.

Mtauliza: Siku hizi watu wangali wakiuzwa? Ndiyo, ila hamna minyororo wala soko. Mtu afika kijijini, amevaa vizuri, asema mjini kuna kazi ya nyumba, tena kuna shule. Wazazi wapewa fedha kidogo. Mtoto apanda lori. Kumpeleka mtoto kwa shangazi yake ili asome si dhambi. Babu zetu walifanya hivyo, nasi twafanya. Lakini akipelekwa ili wengine wale nguvu zake au mwili wake, hiyo ni biashara ya watu, hata kama aliyempeleka ni mjomba wake.

Hapa kwetu Kongo iko sheria ya kuwalinda watoto, ya tarehe 10 Januari 2009. Kwa sheria hiyo, mtoto ni kila mtu asiyetimiza miaka 18. Basi Yosefu naye angehesabiwa mtoto. Afanyaye biashara ya watoto ahukumiwa kifungo cha miaka 10 mpaka 20, pamoja na faini. Kifungo ni hicho hicho kwa anayemtia mtoto katika kundi la wenye silaha.

“Lakini mtoto mwenyewe alikubali.” Neno hili nimelisikia mara nyingi. Mapatano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000, ambayo nchi yetu iliyakubali mwaka 2005, yalijibu wazi: kukubali kwa mtoto hakumwondolei mkosaji hatia.

Mimi nami nina deni hapa. Msichana mmoja wa mwaka wa tano alikuja kuniaga, akisema anakwenda mjini kulea mtoto wa tajiri. Nikampa medali ya Bikira Maria, nikamtakia safari njema. Sikuuliza jina la tajiri huyo, wala mtaa wake. Baada ya miaka miwili akarudi bila mshahara hata wa siku moja, na watu kijijini wakamwita mhuni. Hivyo tulimwonea mara ya pili. Sheria haimhesabu mtoto kama huyo kuwa mkosaji, bali mtoto aliye katika shida, ambaye serikali yapaswa kumlinda. Mtumishi wa serikali anayesimamia mambo ya jamii aweza kumweka kwa muda katika jamaa njema au nyumba ya malezi, akisikiliza maoni ya mtoto mwenyewe, na papo hapo kumpasha habari hakimu wa watoto.

MAULIZO

U. Mtu akija kuomba mtoto wa kazi, tufanye nini?
J. Tumwulize jina lake, kazi yake na mahali anapokaa, mbele ya chefu wa kijiji. Akikasirika kwa kuulizwa, tusimpe mtoto.

U. Kwa nini tuwaandikishe watoto wanapozaliwa?
J. Kwa sababu karatasi ile ndiyo inayoonyesha umri wao mbele ya hakimu. Kuandikisha ni bure, katika siku 90 za kwanza.

U. Mtoto aliyetoroka akifika kwetu?
J. Kwanza ale, apumzike. Tusimhoji mbele ya watu. Kisha tumpeleke kwa Padri au Masista, wamfikishe kwa wenye kazi hiyo.

U. Mzazi aliyepokea fedha aweza kubatizwa?
J. Aweza, akitubu kweli. Naye aanze safari ya kumtafuta mtoto wake.