KABURI LA WATU 350

Wengi wetu hapa Pemba hufyeka na kuchoma kabla ya kupanda, hasa kule maweni upande wa Micheweni. Basi leo twende mbali kidogo, mpaka Marekani, tukazuru makaburi ya watu waliouawa na moto wa namna hiyo hiyo.

Mji wenyewe ni Peshtigo, jimbo la Wisconsin. Pale pana kaburi moja kubwa. Wamezikwa humo watu wapatao 350 pamoja, kwani hakupatikana wa kuwatambua. Jamaa zao nao walikufa. Alama ya ukumbusho iliwekwa mwaka 1951. Jirani pana nyumba ya makumbusho, lakini vitu vilivyonusurika na moto ni vichache mno. Mji mzima uliungua, kingebaki nini?

Ilikuwa usiku wa tarehe 8 Oktoba, 1871. Mvua ilikosekana miezi mingi. Wakulima walichoma vichaka wapate mashamba, na wajenzi wa reli walichoma matawi waliyokata. Mioto midogo ikakaa inafuka moshi siku nyingi, hata watu wakaizoea. Hapo ndipo pa kupaangalia sana! Usiku ule ukavuma upepo mkali, mioto ikaungana. Nyumba zilikuwa za mbao. Watu wakakimbilia mtoni. Waliopona walikaa majini wakijirowesha vichwa. Wengine walikufa maji, wengine baridi. Waliokufa kwa jumla wanakisiwa kuwa kati ya 1,200 na 2,500. Nchi iliyoungua ni karibu mara tano ya kisiwa chetu chote.

Mbona hatuusikii moto huu? Usiku ule ule mji wa Chicago uliungua pia. Huko walikufa kama 300, lakini Chicago ni mji mkubwa wenye magazeti. Peshtigo hata waya za telegrafu ziliungua. Habari za mtu wa shamba ndo hufika mwisho, siku zote.

Haya, turudi kwetu. Mkarafuu ukiungua, utakaopanda badala yake hauanzi kuzaa mpaka miaka kama saba. Kwa hiyo kabla ya kuchoma, tufagie ukanda kuzunguka shamba mpaka ardhi ionekane tupu. Jirani aambiwe. Maji yawe karibu. Tungoje upepo utulie, na biwi tulichome kidogo kidogo. Tena tusiondoke moto ukiwa unafuka, maana hujificha kwenye mizizi baina ya mawe. Asubuhi yake arudi mtu na jembe, ayapekue majivu.