SOMO LA WIKI: Jinsi ya kupima Barolo ya zamani

Anayenunua hisa husoma hesabu za kampuni. Anayenunua mvinyo wa zamani hana hesabu za kusoma, na akifungua chupa ili aonje, mali yenyewe imekwisha. Hiyo ndiyo taabu ya Barolo, mvinyo mwekundu wa Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia, unaotengenezwa kwa zabibu aina ya Nebbiolo peke yake.

Sheria ya Italia inataka Barolo ikomazwe miezi 38, 18 kati yake ndani ya mapipa. Daraja la Riserva husubiri miezi 62. Hicho ni kiwango cha chini. Mavuno mazuri huweza kukaa miaka 30 na zaidi iwapo ghala lina ubaridi na giza. Ndiyo maana chupa mbili za mwaka mmoja huweza kuuzwa kwa bei zilizopishana sana.

Mnunuzi makini huanza nje. Huinua chupa kwenye mwanga: kadiri mvinyo ulivyoshuka chini ya kizibo, ndivyo hewa ilivyopata nafasi. Kizibo kilichochomoza au kuvuja ni dalili ya joto. Lebo nayo husema. Barolo ilipata daraja la DOC mwaka 1966 na DOCG mwaka 1980. Chupa ya 1961 yenye alama ya DOCG inastahili maswali kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Mwenye kasha la chupa 12 huweza kutoa moja kafara. Huisimamisha siku nzima ili mashapo yatue, kisha huimimina polepole na kuinamisha glasi juu ya karatasi nyeupe. Hapa wageni wengi hukosea. Nebbiolo ina rangi hafifu tangu ikiwa changa, na ukingo wa rangi ya matofali si ubovu. Cha kuogopwa ni ukahawia uliofika hadi katikati.

Harufu nzuri ni ya waridi lililokauka, lami, ngozi na uyoga. Harufu ya kadibodi iliyolowa hutoka kwenye kizibo, na huenda ni ya chupa hiyo moja tu. Siki ni habari mbaya zaidi.

Mdomoni, Barolo changa ina ukakasi kama wa bibo. Ukakasi ukiwa umelainika na uchachu ungali hai, kasha lingojewe. Ladha ya tunda ikiwa imeondoka na ukakasi umebaki peke yake, hakuna sababu ya kuendelea kuzilipia chupa 11 kodi ya ghala.